Mbuzi Mweupe Kazaa Wawili

Siku ya Sabasaba, watu wa Usevya walipoitwa uwanjani kwanza, Nyanzala alikuwa amekaa mbele kabisa, juu ya kigoda alichokuja nacho kutoka nyumbani, kitenge kipya kiunoni bado kinanukia duka. Haki ya kukaa mbele alikuwa nayo. Mumewe, mzee Nkwabi, ndiye aliyekuwa manju wa Nguvu Moja, kikundi cha ngoma cha Wasukuma wa Sitalike. Yeye ndiye mtunzi, yeye ndiye mwimbishaji. Na mwaka ule wa tisini na sita alikuwa na wimbo ambao nje ya kikundi hakuna aliyewahi kuusikia. Miezi mitatu waliufanyia mazoezi nyuma ya zizi, watoto wanafukuzwa, wapita njia wanaangaliwa vibaya. Ngoma ndivyo ilivyo. Wimbo mpya haumwagwi mpaka siku ya mashindano, maana ukishasikika umekwisha makali.

Ponsian wa Usevya akatoka mbele ya wenzake, njuga miguuni, akasafisha koo, akaimba:

"Tembo ana karatasi ya serikali,
mimi nina jembe la mpini mfupi.
Tembo akila mahindi yangu,
anayeulizwa ni mimi."

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Pale Sitalike, pua kwa pua na hifadhi, nani asiyemjua tembo? Lakini upande wa Nguvu Moja watu walikuwa wameganda. Nyanzala aligeuka kumtazama mumewe. Nkwabi alikuwa anatikisa midomo bila sauti. Ulikuwa wimbo wake, neno kwa neno, hata pale pa kuvuta pumzi baada ya "mahindi".

Tena wakaongeza kibwagizo ambacho Nkwabi hakukitunga. Ponsian akaja mpaka mbele ya Nyanzala, akapiga goti moja, na wanawake wa kwao wakaitikia nyuma yake:

"Mbuzi mweupe kazaa wawili,
chumvi tunayo!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nguvu Moja hawakucheza siku hiyo. Walibeba ngoma zao wakaondoka bila kumsalimia mtu. Ponsian, ambaye ni mkwe wa Nkwabi, mume wa binti yake Mariana, akabaki amesimama na mkono wa salamu hewani. Nkwabi hakuupokea. Tangu Mariana aondoke na mtu huyo bila kungoja taratibu za wazee, mwaka wa nne sasa, hakuwahi kumtumia hata salamu.

Kesho yake asubuhi kikundi kikakaa uani kwa Nkwabi. Hakuna aliyegusa uji. Bartolomeo, katibu wao, mtu mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki, ndiye aliyefungua mdomo.

"Tusidanganyane, nyie. Wimbo hauna miguu. Umebebwa."

"Na kile kibwagizo?" akauliza mmoja wa wacheza njuga.

"Kile ni fumbo. Mbuzi mweupe ni nani? Mtazameni mzee wetu kichwani." Watu wakazitazama mvi za Nkwabi, kisha wakainamisha macho kwa adabu. "Amezaa wangapi? Wawili. Malale na Mariana. Halafu 'chumvi tunayo'. Maana yake, binti yako tunaye sisi, utamu tumeshauchukua, wewe baki na mchuzi chapwa."

"Duh!" mtu akaguna. "Hawa watu wametutukana hivi hivi tunawatazama!"

"Na wamempigia goti mama mwenye nyumba, ili ajue ni yeye anayesemwa," Bartolomeo akamalizia. "Aliyewapa fumbo lile anaijua nyumba hii kwa ndani."

Jina halikutajwa. Lakini macho yakaanza kutembea, moja moja, kuelekea jikoni, ambako Theopista, mke wa Malale, alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Theopista ni Mpimbwe. Amezaliwa Usevya, amebatizwa Usevya, mama yake yuko Usevya.

Nyanzala yeye aliutazama mti wa uani. Alikuwa na mbuzi mweupe kweli, mbuzi wa miguu minne, na mwezi wa tano alizaa mapacha. Habari hiyo alimpelekea Mariana mwenyewe kwa kaseti. Kuandika kulikuwa kunamchosha mkono, barua moja ilimaliza wiki mbili. Basi kila baada ya miezi kadhaa alikuwa anasema na redio kaseti ya Malale, na Mikidadi, mfanyabiashara wa mchele, anaubeba ule mkanda kwenye lori lake mpaka Usevya. Neno la mbuzi lilikuwa la kwake.

"Habari za mbuzi nilitoa," alijiambia. "Wimbo sikutoa. Wimbo katoa mwingine."

Na kwa kuwa alijua akitaja mbuzi watu watamgeukia yeye, alinyamaza, naye akatazama jikoni. Tena akatazama kwa muda mrefu kuliko wengine.

"Sheria mnaijua," Bartolomeo akasema. "Anayetoa wimbo wa kikundi huimbwa."

Kuimbwa si jambo la mchezo. Unasimamishwa katikati ya duara, manju anaitunga aibu yako na jina lako ndani yake, na wimbo huo unabaki. Utausikia kwenye arusi, utausikia kwenye kulima kwa zamu, mpaka wajukuu zako watauliza huyu anayeimbwa ni nani.

"Lakini huimbwa mtu wa kwetu," akaendelea. "Mgeni haimbwi. Mgeni hurudishwa kwao."

Malale alikuwa ameshika kiuno cha ngoma yake kama anayezuia isianguke. "Katibu, hatujathibitisha kitu," alisema, sauti chini.

"Basi thibitisheni. Mama yupo, si ndiye anayeshinda naye?"

Ndipo Nyanzala alipopewa kazi ya kumchunga mkwe wake, na aliifanya kwa moyo. Theopista akienda bombani, alihesabu mizunguko. Akichelewa, alimwuliza alikuwa na nani, na jibu lolote halikutosha. Siku za mazoezi alimtuma kuni upande wa pili wa mto, mbali, ili asisikie ngoma. Redio kaseti akaitoa chumbani kwa Malale akaifungia kwenye sanduku lake la bati.

"Mama, betri ziko juani, nimezianika zipate nguvu," Theopista alimwambia siku hiyo. "Nikuletee?"

"Ziache hukohuko. Usiguse chochote cha redio."

"Haya, mama."

Hilo "haya, mama" lilimkera Nyanzala kuliko matusi. Mtu asiye na kosa, aliwaza, angelia, angeapa, angerusha hata kijiko. Huyu anasema haya. Mtu wa haya haya ana neno tumboni.

Kule bombani wanawake walikuwa wananyamaza Theopista akitua ndoo. Mwanahija, mke wa muuza duka, peke yake ndiye aliyeendelea kumsalimia, na akaambiwa aangalie asije akaambukizwa. Chakula alichopika Theopista kikaanza kuonjwa kwanza na yeye mwenyewe mbele ya watu. Hakuna aliyemwamuru, siku moja tu Nkwabi alikitazama kile kibakuli, akatazama pembeni, na Theopista akaelewa. Akamega tonge, akatafuna, akameza, akanawa, akaondoka.

Halafu ikaja ile barua. Theopista alimwandikia mama yake, akampa mpita njia, na Nyanzala akaipata kabla haijavuka barabara. Akajificha nayo nyuma ya ghala, akaisoma herufi kwa herufi, kidole chini ya kila neno. "Mama shikamoo. Sisi wazima. Naomba mnitumie mbegu za karanga, zile nyekundu. Ni mimi mwanao."

Aliipeleka kwa Bartolomeo.

"Mbegu," Bartolomeo alisema, akiigeuza karatasi hata nyuma, ambako hapakuwa na kitu. "Nyekundu. Kwa nini asiseme karanga tu?"

"Hata mimi nimejiuliza hapohapo," Nyanzala akajibu, ingawa aliposoma hakujiuliza.

Wakakubaliana. Jumamosi lori la Mikidadi likirudi kutoka Mpanda mjini kwenda Usevya, Theopista apande. Malale alipoambiwa aliingia chumbani akafunga mzigo wa mkewe kwa mikono yake mwenyewe, kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo.

Siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo, Mikidadi alikuwa amepita akielekea mjini na magunia ya mchele. Alimrushia Nyanzala bahasha kutoka dirishani.

"Bi mkubwa! Majibu yako kutoka kwa binti! Anasema usikilize peke yako kwanza!"

Nyanzala aliitia chini ya mto. Mwenye kujua kuweka kaseti alikuwa Theopista, naye ndiye aliyekatazwa. Kumwomba Malale ni kumfanya asikie, na Mariana kasema peke yako. Basi Jumamosi mchana, Theopista yuko mtoni na Malale yuko zizini, alichukua betri zilizokuwa bado zimepangwa juu ya bati kama samaki wa kukaushwa, akazitia moja baada ya nyingine, akakosea mara mbili, akaitia ile kaseti. Alikumbuka kuwa Theopista hurudisha mkanda kwanza. Akarudisha mpaka ukagota. Akabonyeza.

Ilikuwa sauti ya Theopista.

"Mama, tungoje wamalize ngoma ndipo tuseme."

Na sauti nyingine, ya mwanamke mzima mwenye haraka, ikajibu: "Bonyeza wewe, umeshabonyeza? Wao wana yao na mimi nina yangu. Namsemesha Mariana, simsemeshi Nkwabi."

Nyanzala alikaa kitandani. Ni yeye. Ameuweka mkanda upande aliosema yeye mwezi wa tano. Na nyuma ya sauti yake, karibu kabisa, wazi kama yuko mlangoni, alikuwa Nkwabi: tembo ana karatasi ya serikali. Ngoma ya Malale ikamfuata. Kisha sauti yake mwenyewe ikapanda juu, "Mariana, huku mbuzi mweupe kazaa wawili!" na Nkwabi akaendelea, mimi nina jembe la mpini mfupi, na yeye tena, "Chumvi tunayo, usihangaike kutuma!" na wimbo ukaenda hivyo, beti zote, zikipokezana na habari zake za nyumbani kama vile zilipangwa.

Hakujua. Maisha yake yote ngomani alikuwa anaweza kukaa katikati ya kelele akamsikia shoga yake tu, anayetaka kumsikia. Sikio linachagua. Alidhani na mashine inachagua, inamsikiliza yule anayeielekea. Kumbe mashine haina adabu, inabeba kila kinachopita.

Akaugeuza mkanda, akarudisha, akabonyeza.

"Mayu, mama yangu, shikamoo," Mariana alisema. "Kaseti tuliipata. Nilipomsikia baba nililia. Nikasema, baba kanisamehe, hajui kusamehe kwa maneno, katuma wimbo. Ponsian akawaita wenzake, wakajifunza hapa uani kwangu, wiki tatu, anayekosea anarudishiwa mkanda mpaka apate. Yale ya kwako ya mbuzi walidhani ndiyo kiitikio cha wanawake. Nikawaambia hapana, ni mama ananipa habari, wakasema basi tuyaimbe hivyohivyo, tumheshimu mama. Ponsian alipanga akupigie goti. Sasa amerudi anasema baba kamkatalia mkono. Mayu, tumekosea wapi?"

Nyanzala akazima.

Kulikuwa na kitufe chekundu. Hilo alikuwa analijua: ukibonyeza chekundu pamoja na mwenzake, kilichokuwemo kinaliwa. Hakuna mwingine aliyesikia. Lori linakuja alasiri. Msichana angeondoka, mambo yangepoa, na watu wangesema Nyanzala alikuwa na jicho kali. Kidole chake kilikaa juu ya kile kitufe mpaka kikapata joto. Nje aliwasikia watu wa kikundi wakianza kufika, na Bartolomeo anauliza, "Mzigo wake uko tayari?"

Alitoka ameikumbatia redio kifuani kama mtoto mgonjwa.

"Mama Malale, leo hatuna haja ya muziki," Bartolomeo alitania, na watu wakacheka. Theopista alikuwa ameshatoka mtoni, akachukua mzigo wake, akaenda barabarani kungoja lori. Hakutaka kusindikizwa.

"Nyamazeni," Nyanzala alisema.

Akaiweka redio juu ya kinu kilichogeuzwa, akabonyeza. Alianza na upande wake. Sauti ya Theopista ilipotoka, tungoje wamalize, Malale aliinua kichwa. Nkwabi alipojisikia alishtuka, akatazama nyuma yake. Tangu azaliwe hakuwahi kujisikia kutoka nje. Ile ya mbuzi ilipofika, mcheza njuga mmoja akabanwa na kicheko, akakimeza.

Kisha akaweka upande wa Mariana. Nkwabi alisikiliza akiwa amesimama. Palipofika "baba kanisamehe", alikaa chini kwenye vumbi, mzee mzima, bila kutafuta kigoda.

Bartolomeo alikohoa. "Hata hivyo... aliyebonyeza si mkwe?"

"Nilimwamuru mimi. Umesikia kwa masikio yako, au na hayo yanahitaji betri?" Nyanzala alimgeukia. "Na fumbo lako la mvi na mchuzi chapwa lilikuwa mbuzi. Yule pale, amefungwa kwenye mti, kamwulize."

Sasa watu walicheka kweli, na Bartolomeo akatazama kalamu zake.

"Mimi ni mtu wa kwenu," Nyanzala alisema. "Nimbeni."

"Nyanzala..." Nkwabi alianza.

"Wewe ni manju au si manju? Sheria ni ya wageni tu?"

Akaingia katikati mwenyewe. Duara likajifunga taratibu, kwa aibu. Nkwabi alinyanyuka, akajikung'uta vumbi. Alimtazama mkewe kwa muda. Halafu akaimba, kwanza kwa sauti ya chini kama anayemwuliza kitu:

"Nyanzala kaiambia redio siri,
redio haina mlango.
Nyanzala kamtafuta mwizi jikoni,
mwizi kajifunga kitenge kipya."

Wakaitikia. Wimbo ulikuwa mzuri, hilo ndilo lililouma. Ulikuwa na mahali pa kupiga makofi, na watoto waliokuwa nje ya ua waliushika kabla haujarudiwa mara ya tatu. Nyanzala alisimama hapo mikono ikining'inia, jasho linamtoka puani, akijua kuwa mwaka kesho atausikia bombani na asiseme kitu.

Lori likapiga honi barabarani.

Alipasua duara akakimbia, kwa jinsi mtu wa umri wake anavyoweza kukimbia, kitenge mkononi, na kikundi kizima kikamfuata, baadhi bado wanaimba maana hawakuambiwa waache. Theopista alikuwa ameshapanda nyuma, amekaa juu ya magunia matupu, mzigo mapajani. Mikidadi alikuwa na mguu mmoja ndani.

"Mikidadi, ngoja!"

"Bi mkubwa, nina safari, porini mle giza likitukuta..."

"Nimesema ngoja, baba."

Alishika ubao wa lori. Akapumua. Watu wakajipanga nyuma yake, Malale mbele yao.

"Theopista. Ni mimi niliyetoa wimbo. Ni ile kaseti. Wewe ulinikataza na mimi sikusikia. Nimesema mbele yao, wameniimba, hao hapo bado wananiimba. Nasema tena mbele yako. Shuka, mwanangu."

Theopista hakushuka. Alimtazama kutoka kule juu, kwa macho makavu.

"Nilijua tangu siku ya mashindano, mama. Waliposema mbuzi, nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Mkamwana akisema kosa ni la mama mkwe, anafukuzwa mara mbili."

Mikidadi alizima injini, na mtu aliyekuwa bado anaimba nyuma akajisikia yuko peke yake, akanyamaza.

"Mama, nikuulize kitu kimoja," Theopista alisema. "Kama usingeisikia ile kaseti leo, ungeniacha niende?"

Malale alifungua mdomo, mama yake akamzuia kwa mkono. Jibu tamu alikuwa nalo tayari. Lilikuwa mdomoni, limeshalainika: hapana mwanangu, nisingekubali, damu yangu ingekataa. Aliwasikia watu nyuma yake wakilingoja.

"Ningekuacha," alisema. "Ningekusindikiza na nyumbani ningefagia chumba chako."

Theopista alikaa vilevile, viganja juu ya lile fundo la kamba ya katani. Kisha akajivuta mpaka ukingoni mwa lori, akausukuma mzigo mbele. Malale aliruka kuupokea, mikono juu.

Theopista akaikwepa mikono yake, akamshushia Nyanzala ule mzigo.

"Shika, mama," alisema. "Ni mzito."